Kwa Nini Wajane wa Nyaburembe Hukaa Karibu na Maji

Zamani, kabla ziwa halijaamua liishie wapi, watu wa Nyaburembe hawakuwa watu wa Nyaburembe. Walikuwa watu wa Isegere, kisiwa cha mawe ambacho siku ya hewa safi kilionekana kutoka bara kama mgongo wa kiboko. Huko Isegere kila kitu kilikwenda kwa mitumbwi. Pale ulipopandisha mtumbwi wako ufukoni, nyuma yake ndipo palipokuwa na nyumba yako, na nyuma ya nyumba yako ndipo palipokuwa na muhogo wako. Mgeni akiuliza fulani anakaa wapi, alionyeshwa mtumbwi, hakuonyeshwa mlango. Mwenye mitumbwi mitatu alikuwa na ufuko mpana, mwenye mmoja alikuwa na kijisehemu chake, na asiye na mtumbwi alikaa juu kwenye majabali pamoja na mijusi.

Juu kwenye majabali ndiko alikokaa Nyabise. Naye aliwahi kuwa na nafasi ufukoni, mume wake Masatu alipokuwa hai. Lakini Masatu alitoka asubuhi moja kwenda kuinua nyavu zake na hakurudi, yeye wala mtumbwi wake, na watu walitafuta mpaka wakachoka. Kwa hiyo Nyabise hakuwa na kaburi la kupalilia. Alikuwa na ziwa. Kila asubuhi alishuka kwenye mawe, akanawa uso, akamwambia Masatu habari za jana, kisha akapanda kurudi kwake. Hakuona aibu kufanya hivyo na wala watu hawakumcheka. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mpishi hodari, mwenye masikio mazito kwa ajili ya homa ya utotoni, na tangu utoto huo alizoea kuyafuata maneno kwenye midomo ya watu.

Isegere kulikuwa na kanisa, nalo lilikuwa la miti na nyasi. Mwalimu Ludoviko, katekista aliyeletwa na misheni, ndiye aliyelijenga. Alikuwa mtoto wa wafugaji kutoka mbali bara, mtu mpole na mrefu kama nguzo, ambaye kila akipanda mtumbwi alifumba macho mpaka aguswe bega kwamba wamefika. Mwanzoni aliweka madhabahu upande wa majabali. Akagundua kwamba wakati wa sala wanaume wote walikuwa wamegeuza shingo kutazama mitumbwi yao. Aliwakemea wiki hadi wiki, na mwisho akachoka, akahamisha madhabahu upande wa ziwa, ili wanaotazama mitumbwi waonekane angalau kama wanatazama msalaba. Na kwa kuwa meza ya madhabahu ilikuwa fupi na yeye alikuwa mrefu, akaiweka juu ya mawe mawili bapa.

Benchi hazikuwepo. Kila mtu alikuja na jiwe lake, akaliweka mahali pake, likabaki hapo. Watu walikaa kwa kaya, mume na mke na watoto, na mahali pa mtu kanisani hapakuguswa na mwingine hata akiwa hayupo. Nyabise alikaa mbele kabisa, karibu na meza, ili aone mdomo wa Mwalimu. Alikuwa na jiwe moja tu, maana alikuwa mmoja tu. Nyuma kabisa, mlangoni, walikaa wenye mitumbwi mingi, na nyuma ya wote alikaa Maingu mwenye mitumbwi mitatu. Maingu alikuja kanisani kwa kuchelewa na kuondoka kwa kuwahi, na mlangoni ndipo palipomfaa. Mke wake Nyangeta alikaa naye huko huko huku amenuna, kwa sababu alipenda kuimba na nyimbo za mbele zilimfikia zimechelewa.

Basi ukaja mwaka wa mvua zisizokatika, na ziwa likaanza kupanda. Kwanza lilikula ufuko, kisha likaingia majikoni, kisha likapanda mpaka kwenye muhogo. Kufikia mwisho wa mvua Isegere haikubaki isipokuwa majabali yake, na hapo hata mijusi ilikuwa imebanana. Mzee mmoja wa bara, Kaitira, aliwahurumia akawapa ufuko wake wa Nyaburembe, mahali papana pa mchanga mtupu, penye kilima cha udongo mweusi kwa nyuma. Akasema anawapa wote pamoja, wagawane wenyewe, yeye asiitwe kwenye ugomvi wao.

Wakavuka siku kadhaa, mtumbwi baada ya mtumbwi. Walibeba nyavu, mbuzi, kuku, sufuria na nguzo za kanisa. Mafiga yao waliyaacha, kwa sababu mafiga ya nyumba iliyohamwa huachwa na majivu yake. Lakini mawe ya kanisani waliyabeba, maana Mwalimu aliwasihi sana. Nyabise alivuka na mtumbwi wa mwisho, jiwe lake mapajani. Vijana waliopiga kasia walimtania kwamba mama amebeba mtoto asiyelia. Alicheka nao, ingawa moyoni alikuwa na hofu, kwa sababu aliona wanaume wazima wanavyokwepa kumtazama.

Alipofika alikuta Mwalimu Ludoviko ameshapanga kanisa mchangani, bila ukuta wala paa, ili Jumapili isiwakute bila pa kusalia. Meza ilikuwa karibu na maji, juu ya mawe yake mawili, na watu waliweka mawe yao kama walivyozoea. Ila kila kaya ilikuwa na mizigo na mifugo, na ufuko ulikuwa mpana, basi wakapeana nafasi. Kati ya kaya na kaya mbuzi waliweza kufungwa wasipigane. Kanisa likatanuka kutoka majini mpaka kwenye miguu ya kilima. Mwalimu alilitazama akasema hajawahi kuona kanisa kubwa hivyo, hata la askofu.

Wenye mitumbwi walikutana wakakubaliana kwamba Nyaburembe itagawanywa kama Isegere, kwa mitumbwi, na kwamba Jumatatu wataupima ufuko kwa kamba. Sasa, watu wa Isegere walikuwa na sheria ambayo hakuna aliyejua nani aliitunga. Mtu akihamia mahali papya, pale jiwe lake mwenyewe litakapoingia moto mara ya kwanza, ndipo kwake. Mafiga yakishawaka hayahamishwi, isipokuwa mwenye nyumba amekufa. Anayehamisha mafiga kwa tamaa, walisema, nyavu zake zitatoa maji matupu. Kwa hiyo wazee wakapiga marufuku kuwasha moto wowote mpaka viwanja vipimwe. Mafiga mapya yangefuatwa Isegere baadaye, kwani Nyaburembe jiwe ulikuwa hulipati hata la kumrushia mbwa. Hadi hapo watu wangekula dagaa wakavu na viporo vya muhogo. Watoto walilia, watu wazima wakavumilia.

Mzee Munubi ndiye aliyetumwa kuzungumza na Nyabise. Alikuwa mtu mwema, mwenye ndevu nyingi kama nyasi za paa, na alikwenda kwa kujivuta. Alimweleza habari ya moto. Kisha akamweleza kwamba ufuko hautoshi, kwamba yeye hana mtumbwi, na kwamba hapa hakuna majabali ya kukaa. Wangempeleka kwa kaka yake Bwire, mbali bara, kwenye mtama na visima. Huko angetunzwa vizuri.

Nyabise aliitikia kwa kichwa kwa adabu, akamshukuru, naye Munubi akaondoka ametua mzigo. Mimi niseme ukweli, maana wengine huuficha: alisikia. Alisikia kila neno, ndevu au si ndevu. Alikaa kwenye jiwe lake akalia kimya kimya, mgongo kwa watu na uso kwa maji. Hakumchukia Bwire wala mtama wake. Ila huko kwa Bwire hakuna ziwa, na Nyabise hakujua angemwambia nani habari za jana.

Jumapili ikafika. Watu waliimba vizuri kuliko siku zote, labda kwa njaa. Ibada ilipokwisha wanaume hawakuweza kungoja Jumatatu. Maingu alisema kupima si kazi, ni kutembea na kamba tu, na Mungu hakukataza kutembea. Wakaondoka wote, wazee na vijana, wakaenda mwisho wa ufuko wakibishana kabla hata ya kuifungua kamba. Walibaki wanawake na watoto, na Mwalimu Ludoviko.

Mwalimu alikuwa na desturi yake. Tangu alipoletwa Isegere, kila Jumapili baada ya ibada alikula kwa Nyabise. Hakuwa na mke wa kumpikia, na samaki wa Nyabise ndiye aliyemfanya aisamehe Isegere kwa kuwa kisiwa. Habari za mafiga hakuzijua. Kwao wafugaji moto ni moto, huwashwa popote penye mavi makavu ya ng'ombe. Tangazo la wazee alilisikia nusu nusu, akadhani wanaogopa kuunguza mizigo. Basi akaja, akasimama mbele ya Nyabise, mikono nyuma.

"Mama Nyabise," akasema, "leo vipi? Hakuna kitu?"

"Kitu kipo, Mwalimu. Jirani amenipa sato asubuhi, bado mbichi. Mawe ndiyo hakuna. Ninalo hili moja."

"Ni mawe tu?" Mwalimu akashangaa. "Mawe mawili ndiyo yanilaze na njaa?"

Akaenda kwenye madhabahu, akakunja kitambaa vizuri, akauweka msalaba juu ya kikapu, akainua meza upande mmoja na kuchomoa jiwe, kisha upande wa pili. Akaja nayo yote mawili kifuani, akayatua mchangani mbele ya mama.

"Haya. Mpaka Jumapili ijayo hayana kazi."

Nyabise aliyatazama yale mawe. Alitazama na lake, likawa la tatu, na mafiga ni matatu. Alijua kwamba kutii ni kwenda kwa Bwire, na kwamba kutotii ni kuwavunjia wazee heshima mbele ya kijiji kizima, yeye mjane asiye na mtu wa kumsemea. Alimtazama Mwalimu, akaona mtu mwenye njaa tu, hana habari. Akatazama maji. Kisha akasogeza lile jiwe lake kwa mguu, akayapanga yote matatu vichwa pamoja, akaokota vijiti vilivyoletwa na ziwa, akawasha.

Moshi ulipopanda, wanawake wote walisimama. Nyangeta, mke wa Maingu, aliuona kutoka huko nyuma kwenye miguu ya kilima, akaelewa kwa haraka kuliko wote. Mjane ameshapata kwake. Akageuka akapatazama alipokaa yeye. Kulikuwa na udongo mweusi wa kupandia, kivuli, na upepo usionuka. Maisha yake yote kwa Maingu alikuwa amekaa ufukoni, na kukaa ufukoni ni kukaa na matumbo ya samaki, mainzi na nyavu mbichi mpaka kitandani. Nyangeta hakufikiri sana. Aliyasogeza pamoja mawe ya kaya yake, la mumewe, lake na la binti yao, akaenda kuomba kaa la moto kwa Nyabise.

"Mama," alimwambia akiwa amechutama, midomo wazi ili aonekane, "umetuponya. Nipe moto."

Alipopita kurudi na kaa lake juu ya kigae, aliyemwona akaona hawezi kubaki hana mahali huku jirani zake wa kulia na kushoto wameshakaa. Mwingine hakuwaza viwanja, alikuwa na njaa tu na watoto walikuwa wanalia. Aliyepungukiwa jiwe aliazima kwa ndugu. Haukupita muda mrefu, Nyaburembe yote ilikuwa inafuka moshi, kutoka majini mpaka kilimani, na harufu ya samaki ikatapakaa.

Wanaume waliifuata harufu hiyo wakirudi na kamba yao. Walikuta mji. Walisimama wakautazama mji huo, kamba mikononi, na hapakuwa na kilichobaki cha kupima. Wenye mitumbwi mingi, waliozoea kukaa mlangoni, nyumba zao zilikuwa nyuma kabisa, chini ya kilima. Waliokaa mbele, vikongwe, wagonjwa, wenye watoto wachanga na Nyabise mwenye masikio mazito, ndio waliokuwa na ufuko.

Maingu alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Mzee Munubi alimwendea Nyabise, naye alikuwa akimpakulia Mwalimu kana kwamba hakuna lililotokea.

"Nyabise," akasema, "si nilikuja mwenyewe nikakuambia?"

"Ulikuja, baba," akajibu Nyabise. "Lakini ndevu zako, nzuri kweli, zinafunika mdomo."

Wanawake waliangua kicheko, na Munubi akashika ndevu zake. Inasemwa kwamba kesho yake alizipunguza. Mwalimu Ludoviko, kipande cha sato kimemkwama shavuni, ndipo alipoanza kuuliza kuna nini. Alipoelezwa alitaka kuyarudisha mawe ya madhabahu mara moja. Lakini yalikuwa mekundu kwa moto na yamebeba sufuria, na hakuna mtu wa Isegere aliyekuwa tayari kuyagusa.

Maingu alikuwa ameshafika kwa mke wake. "Zima," alimwambia.

"Nizime mafiga yangu?" Nyangeta alikuwa anakoroga ugali na hakuinua kichwa. "Mume wangu, mahali hapa hukunichagulia wewe? Miaka yote nakuambia tukae mbele, unasema mlangoni ndiko kuzuri. Haya, mlango ndio huu. Kaa ule."

Hapo hata wazee walicheka. Maingu alitazama kilima, akatazama mitumbwi yake huko mbali majini, akatazama ugali. Alikuwa ametembea na kamba tangu asubuhi. Akakaa akala.

Siku za kwanza alikasirika. Ili kufika kwenye mitumbwi yake ilimbidi apite uani kwa Nyabise, na alipita kwa nguvu, kasia begani, bila salamu. Asubuhi moja kasia lilipiga chungu cha maji cha Nyabise kikapasuka. Maingu akasimama. Alikuwa mtu wa makelele, lakini hakuwa mtu mbaya, na alimwona yule mama anavyookota vigae kimoja kimoja. Jioni aliporudi alitua sato mmoja mnene mlangoni pake, akaondoka haraka kama aliyeiba. Nyabise alimpika samaki huyo, akampelekea Nyangeta sahani moja huko kilimani. Kesho yake Maingu alipita na kusalimu, tena kwa sauti ya juu, uso mbele, ili mama amwone mdomo. Aliporudi akaacha samaki mwingine. Wenzake waliopita njia ile ile waliona aibu kupita mikono mitupu.

Baadaye padri wa misheni alikuja kwa baiskeli kulitazama kanisa, ambalo sasa lilikuwa na kuta za udongo na limesimama palepale madhabahu ilipokuwa. Alipotaka kuanza misa akakuta meza inamfika magotini. Akauliza. Mwalimu Ludoviko, kichwa chini, alimpeleka mpaka jikoni kwa Nyabise, hatua chache tu, akamwonyesha mawe. Yalikuwa meusi, na juu yake sufuria ilikuwa inachemka. Nyabise hakujua wanasema nini, maana walisema wakiwa wamegeukia moto, lakini aliona wageni, akawakaribisha. Padri alikula. Alipomaliza alinawa, akayatazama tena yale mawe.

"Yaacheni," akasema. "Yako mahali pake." Akarudi kanisani akasoma misa yote mgongo umepinda.

Nyabise aliishi Nyaburembe mpaka akazeeka sana. Kila asubuhi alifungua mlango na maji yalikuwa hapo hapo, hana haja ya kushuka popote, akamwambia Masatu habari za jana, na siku hizo habari zilikuwa nyingi.

Na tangu siku hiyo, kijiji cha Nyaburembe kimekaa kama watu wanavyokaa kanisani. Madhabahu yake ni fupi, na padri yeyote anayefika, hata awe mfupi, huinama. Wenye mitumbwi wamejenga nyuma kilimani, wana mashamba mazuri na wanalala bila mainzi, na kila anayerudi kutoka majini huacha samaki mmoja kwenye mlango wa kwanza atakaoupita. Na mwanamke akifiwa na mume, matanga yakiisha, mafiga yake yanaruhusiwa kuhama. Wanaume wenye mitumbwi huja wenyewe asubuhi, wakayabeba mawe yake kifuani, wakateremka nayo mpaka karibu na maji. Humuuliza mama anapenda kuwa jirani na nani, na mlango wake utazame wapi. Hakuna anayemuuliza kama ana mtumbwi.